Nilimchapa kwa sababu ya simu, sasa haniambii kitu

Barua za mwezi huu zimetoka Kirumba, Nansio na Misungwi, na zote tatu zinahusu jambo moja: mzazi au mlezi anayetaka kuzungumza na kijana wake kuhusu mwili, mapenzi na kujamiiana, lakini hajui neno la kwanza liwe lipi. Ninazijibu kama muuguzi mstaafu niliyefanya kazi kwa miaka mingi katika kliniki za mama na mtoto hapa Kanda ya Ziwa. Majina ya walioandika yamehifadhiwa.

Shikamoo Mama. Ninaishi Kirumba na ninauza dagaa Mwaloni. Binti yangu wa kwanza ana miaka 14, yuko Kidato cha Kwanza. Wiki tatu zilizopita nilikuta kwenye simu yangu, ambayo yeye huitumia jioni, ujumbe wa kijana wa bodaboda anayemwita "mke wangu" na kumuuliza kama zile chipsi zilimtosha. Nilimchapa sana na simu nikaificha. Tangu siku hiyo ananisalimia tu, akimaliza kazi anaingia chumbani. Baba yake bado sijamwambia. Nataka kuzungumza naye, lakini mimi mwenyewe mama yangu hakuwahi kunieleza chochote, na jirani ananionya kwamba nikimweleza mambo hayo nitakuwa nimemfungulia njia. Nianzie wapi? — Mama wa Kirumba

Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye ile fimbo.

Ulichapa kwa hofu, na hofu yako ilikuwa na msingi, lakini binti yako hakuiona hofu. Alichojifunza siku ile ni kwamba habari za aina hii zikimfikia mama, yeye ndiye anayeumia. Kwa hiyo kabla hujamweleza lolote kuhusu hedhi, mimba au wanaume, rudi kwenye siku hiyo, umwambie kwa maneno yako jambo linalofanana na hili: "Mwanangu, siku ile nilikuchapa. Niliogopa kwamba mtu mzima anakuchezea, nikashindwa kusema hivyo, nikachukua fimbo. Kukuchapa nilikosea. Bado naogopa, ndiyo maana nataka tuongee." Wazazi wengi huamini kwamba mzazi akimwomba mtoto radhi atadharauliwa. Katika miaka yangu yote ya kliniki sikukutana na binti aliyemdharau mama yake kwa sababu hiyo. Niliokutana nao ni mabinti waliokuja na mimba ya miezi mitano au sita iliyofichwa chini ya sweta la shule, wasiojua hali zao za VVU, wasiopimwa damu hata mara moja, kwa sababu waliogopa nyumbani kuliko walivyoogopa kujifungua.

Usimwite sebuleni ukamkalisha mbele yako kama mshtakiwa. Wewe unauza dagaa, na dagaa huchambuliwa; kaeni pamoja kwenye kazi hiyo, mikono ikiwa kwenye ungo na macho yakiwa kwenye mchanga na takataka mnazoondoa, kwa maana kijana wa umri huo husema mengi zaidi akiwa hatazamwi usoni. Kumsuka nywele nako kunafaa. Usipange kumaliza yote siku moja. Dakika kumi leo na nyingine wiki ijayo zina maana kuliko hotuba ya saa mbili ambayo ataivumilia tu mpaka iishe. Na siku ya kwanza akikaa kimya, usimlazimishe. Mwambie kwamba umemaliza kwa leo na kwamba mtaendelea, kisha uendelee kweli.

Unasema mama yako hakukueleza chochote. Katika familia nyingi za Wasukuma, Wakerewe na Wajita, kazi hiyo haikuwa ya mama. Ilikuwa ya bibi au shangazi, ambao binti aliweza kuwauliza jambo la aibu bila kuvunja heshima iliyopo kati yake na mzazi wake. Ulikuwa utaratibu wenye busara yake. Tatizo ni kwamba leo bibi yuko Magu, shangazi yuko Dar es Salaam, na sisi akina mama tumerithi ukimya wa mama zetu bila kurithi wale watu waliokuwa wakiuziba. Kama unaye shangazi au dada wa karibu ambaye binti anampenda, mshirikishe. Lakini usimkabidhi kazi yote ukajitoa, kwa sababu siku ya tatizo mtu aliye karibu ni wewe.

Maneno yatakukwama kooni. Jizoeze ukiwa peke yako: uke, uume, hedhi, shahawa, kujamiiana. Ni maneno safi ya Kiswahili, na binti anayeyajua anaweza kumweleza daktari au polisi bila kubabaika mahali aliposhikwa, jambo ambalo anayejua "kule chini" peke yake hawezi. Kisha hakikisha wewe mwenyewe unayajua yale utakayomwambia, kwa kuwa mtaani mabinti huambiana mengi yasiyo kweli. Binti anaweza kupata mimba mara ya kwanza kabisa anapojamiiana. Anaweza kupata mimba hata kabla hajaona hedhi yake ya kwanza, kwa sababu yai hutoka kwenye kifuko chake kabla ya damu kuonekana. Kunawa, kukojoa au kurukaruka baada ya tendo hakuzuii chochote. Hesabu ya "siku salama" humdanganya hasa msichana mdogo, kwa sababu mzunguko wake bado haujatulia na mbegu za kiume zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wake hadi siku tano zikilisubiri yai.

Kuhusu jirani yako: hofu yake naiheshimu, lakini haina ushahidi. Tafiti nyingi zilizokusanywa na Shirika la Afya Duniani na UNESCO kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kumfundisha kijana mambo ya uzazi hakumharakishi kuanza kujamiiana. Sisi wa Mwanza tunayo hata historia yetu wenyewe, kwa sababu kuanzia mwaka 1999 mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana ulipeleka masomo haya katika madarasa ya juu ya shule za msingi za vijijini mkoani humu, ukawaandaa pia wahudumu wa zahanati wawapokee vijana vizuri. Vijana hawakuharibika kwa kufundishwa. Maarifa yao yaliongezeka, ila maambukizi ya VVU na mimba hayakupungua kwa kiwango cha kuridhisha, na hilo ndilo linalonifanya niandike safu hii. Mwalimu anaweza kueleza yai na mbegu ubaoni, lakini jioni mtoto anarudi nyumbani kusikoongelewa kitu, na njiani kuna mtu mwenye pikipiki.

Sasa huyo kijana. Muulize binti yako anampa nini, na uulize kwa utulivu, kwa sababu jibu litakueleza pengo liko wapi. Mara nyingi huwa ni lifti, chipsi na bando. Wewe na mimi tunajua jinsi makonda wa daladala wanavyowakwepa wanafunzi asubuhi kwa kuwa nauli yao ni ndogo. Binti aliyeachwa kituoni mara tatu, huku akiogopa adhabu ya kuchelewa shuleni, hahitaji kuwa na tabia mbaya ili apande pikipiki ya mtu anayemwita kwa upole. Kwa hiyo sehemu ya mazungumzo yenu ni nauli. Ikiwezekana mwongezee kidogo, au mpange watoto wa mtaa mmoja watembee pamoja. Kama hakuna pesa, mwambie kwamba hakuna, na mwambie pia kwamba kuchelewa shule si kosa la kulipa kwa mwili wake, na kwamba uko tayari kwenda kumweleza mwalimu.

Umri wa binti yako haumfanyi huyo kijana kuwa mchumba. Kwa sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana, mwanamume anayejamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke wake amebaka, hata kama msichana alisema ndiyo, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 nayo inatoa miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Usimtishe binti kwa sheria hizi kana kwamba zimetungwa dhidi yake. Mweleze kwamba zinamlinda, na kwamba mtu mzima anayemwita mtoto wa Kidato cha Kwanza "mke wangu" anajua anachokifanya. Tangu siku za kampeni ya redio tuna jina la wanaume wa namna hiyo, fataki, na sioni kwa nini liwahusu wenye magari na mvi tu.

Halafu uliza lile unaloliogopa: je, amekugusa? Akisema ndiyo, sentensi yako ya kwanza iwe kwamba umefurahi amekuambia. Itayarishe sasa, kwa sababu siku hiyo sentensi hiyo haitakuja yenyewe. Kama tendo limetokea ndani ya saa 72, nendeni hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU baada ya tendo hazitolewi baada ya muda huo na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema. Kama muda umepita, bado nendeni akapimwe na ahudumiwe. Taarifa ipelekeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au mpige simu ya bure ya huduma kwa mtoto, namba 116. Na nakuomba, kwa jina la mabinti wote niliowaona, msikubali "kumalizana kifamilia". Wazee hukaa, pesa au ng'ombe hutajwa, baba hupokea, na mtoto anajifunza kwamba kilichofanywa kwake kilikuwa na bei na bei hiyo imelipwa.

Baba yake ataambiwa na nani kama si wewe? Lakini mwambie binti kwanza kwamba utamweleza baba, umweleze na sababu. Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Kuna mengine ambayo unaweza kumwahidi kabisa kuyatunza, kama vile mvulana wa darasani anayempenda moyoni au aibu yake ya hedhi, na ukiyapeleka hayo kwa wanawake wenzako Mwaloni atajua kabla ya jioni.

Jambo moja pembeni, kwa kuwa ana miaka 14: muulize kama alichanjwa chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya shingo ya kizazi. Nchini ilianza kutolewa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Akipita umri huo atakuwa ametoka kwenye mpango, kwa hiyo nenda naye kituo cha afya mwezi huu. Safari hiyo nayo ni nafasi nzuri ya kuongea.

Mama, shikamoo. Mimi ni mvuvi wa dagaa, familia yangu iko Nansio na kambi yetu iko kisiwani. Mke wangu alipokuwa akifua alikuta kondomu kwenye suruali ya kijana wetu wa miaka 16, aliye Kidato cha Tatu. Anasema mtoto wa kiume ni kazi ya baba. Likizo hii kijana anataka nimchukue kambini atafute pesa. Baba yangu mimi aliniambia jambo moja tu, kwamba nisimletee mtoto wa mtu nyumbani. Nimwambie nini? — Baba wa Nansio

Marahaba, baba. Baba yako alikuonya juu ya matokeo, hakukueleza yanakotoka. Wewe unaweza kwenda mbele zaidi.

Nyinyi wa dagaa mna nafasi ambayo baba wengi hawana, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kubwa taa zenu hazivuti samaki na mnarudi nyumbani siku kadhaa. Zitumie siku hizo. Kaa naye mkishona nyavu, anza kwa kumweleza yaliyokupata wewe ukiwa na umri wake, hata yale ya kijinga, naye ataona kwamba hujaja kumhukumu. Mweleze kwamba kutokwa na shahawa usingizini ni kawaida ya balehe na si ugonjwa, na kwamba hakuna mwanamume anayeugua kwa kukaa bila kujamiiana, maana uongo huo wavulana huambiana kila siku. Mweleze pia kwamba video za ngono zinazozunguka kwenye simu zimeigizwa kwa ajili ya biashara na hazimfundishi mtu namna ya kuishi na mwanamke.

Ile kondomu usiirushe jalalani mbele yake. Inaonyesha kwamba kuna mahali alisikia neno la kujikinga akalishika, na ukimwaibisha utakuwa umemfundisha kutojikinga. Msimamo wako uwe wazi: ungependa asubiri, na umweleze kwa nini. Lakini ajue pia kwamba kondomu iliyokaa mfukoni juani kwa wiki kadhaa huharibika, kwamba tarehe yake ya mwisho husomwa kwanza, na kwamba haipakwi mafuta ya kujipaka. Kama amefanyiwa tohara, usiache afikiri kwamba amekwisha kukingwa: tohara ya kitabibu hupunguza kwa takribani asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kupata VVU kutoka kwa mwanamke, lakini haiondoi hatari hiyo, na kwa mimba haifanyi lolote. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kupima VVU bila idhini ya mzazi. Mwambie hivyo, kisha umwambie kwamba akitaka mtu wa kumsindikiza, uko tayari.

Ninalotaka zaidi umwambie ni kuhusu huyo "mtoto wa mtu". Msichana aliyenyamaza hajakubali. Aliyepokea soda au vocha hajauza chochote. Anayesema hapana leo baada ya kusema ndiyo jana amesema hapana. Mwanao akifika miaka 18 na msichana akiwa na 16, sheria niliyoitaja katika jibu la kwanza itamhusu yeye, na haitauliza kama walipendana. Kati ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19, asilimia 22 walikuwa wamewahi kupata mimba, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, na kila mimba kati ya hizo ilikuwa na mwanamume ambaye pengine hakuna aliyekaa naye akamweleza haya. Muulize pia kama yupo mtu mzima, wa kike au wa kiume, aliyewahi kumgusa asivyotaka. Wavulana nao hufanyiwa hayo, na kwa kuwa hakuna anayewauliza hawasemi.

Kuhusu kambi, maoni yangu ni kwamba asiende. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na uvuvi wenu ni wa usiku. Zaidi ya hapo, unajua kuliko mimi maisha ya kambini siku ya malipo, pombe inavyonyweka na jinsi wanaume wazima wanavyomcheka kijana asiyemfuata mwanamke. Mtafutie kazi ya mchana mwaloni pale Nansio, mahali ambapo jioni atalala nyumbani.

Mwanangu, mimi ni bibi wa Misungwi. Ninalea mjukuu wangu wa miaka 13, mama yake alifariki. Mtoto ana uchafu ukeni na mara mbili nimeona damu kwenye mkojo wake. Wajomba zake wanasema ameanza wanaume na wanataka arudishwe kwa baba yake. Yeye analia na kukataa. Nimwamini? — Bibi wa Misungwi

Shikamoo bibi. Mwamini, kisha mpeleke kituo cha afya kesho.

Muulize kama amekuwa akiingia kwenye majaruba ya mpunga, akichota maji kwenye madimbwi au akiogea huko. Kichocho cha mkojo huenezwa na konokono wa maji yaliyotuama, na katika nchi ya Usukuma hupatikana zaidi kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga kuliko ndani ya ziwa lenyewe. Mayai ya kichocho hukaa kwenye kibofu, na kwa msichana hukaa pia ukeni na kwenye shingo ya kizazi, yakaleta uchafu, muwasho, maumivu na damu, hata kwa mtoto ambaye hajaguswa na mtu. Nimeona mabinti wakichapwa kwa ugonjwa walioupata wakipandikiza mpunga wa familia.

Kituoni omba mkojo upimwe kichocho. Dawa yake ni praziquantel, hutolewa kwa kipimo cha uzito au urefu wa mtoto, na ni vizuri amezeshwe akiwa ameshiba. Uchafu ukiendelea baada ya dawa, mrudishe, kwa kuwa vidonda vya ndani vinaweza kubaki na pia kuna sababu nyingine zinazohitaji kuchunguzwa. Muuguzi atataka kuzungumza naye faragha. Mruhusu, hata kama ungependa kuwapo. Ikionekana kwamba kuna mtu aliyemdhuru, bado hana kosa, na hatua ni zilezile nilizomwandikia mama wa Kirumba.

Kuhusu kumrudisha kwa baba yake, subiri majibu. Ukiyapata, waite wale wajomba nyumbani kwako, uwasomee wewe mwenyewe, mtoto akiwa amekaa kando yako.